Kidonge cha njia ya Kipushi

Mkojo wangu ulikuwa na rangi ya chai iliyosahauliwa motoni. Niliuona katika choo cha nyuma ya duka moja pale Kipushi, Jumapili ya mwezi wa kumi, saa nne asubuhi ikiwa imepita kidogo. Nilimwaga maji haraka ili mwenzangu atakayeingia baada yangu asiuone. Tulikuwa tumekimbia kilomita 30 kutoka Lubumbashi, na goti langu la kushoto, lililonitesa miezi miwili mizima, halikuniuma hata kidogo. Nilitoka chooni, nikapiga picha na wenzangu, nikacheka.

Ninafundisha hesabu katika shule moja ya sekondari hapa Katuba. Wakati huo nilikuwa na miaka 44. Nilianza kukimbia baada ya kumzika mama yangu, aliyeondoka kwa presha, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza moyo wangu mwenyewe uko katika hali gani. Nilianza na kuzunguka mtaa mara moja. Baadaye nikapata kikundi: watu kumi na mmoja, wanawake watano, tunakutana alfajiri mwanzoni mwa barabara ya Kipushi. Asiyeijua Lubumbashi anadhani Kongo yote ni joto. Aje huku kwetu mwezi wa sita au wa saba saa kumi na moja asubuhi. Mji uko juu kiasi cha mita 1,200, baridi ya kiangazi inauma masikio, pumzi inatoka mdomoni kama moshi, na wale vijana wa makaa wanakuja mbele yako wakisukuma baiskeli zilizopakiwa magunia hadi huwaoni vichwa. Katika baridi ile mtu anakimbia kama amebebwa.

Mwezi wa kumi ni habari nyingine. Jakaranda zimechanua, mji unapendeza kwa ile rangi ya zambarau, lakini mvua bado haijanyesha na jua linapiga kichwani mapema. Siku ile tulipanga kuondoka saa kumi na nusu. Mmoja alichelewa, tukamngoja. Mwingine akasahau maji, tukamngoja. Tuliondoka saa kumi na mbili imepita dakika 20, jua likiwa limeshatoka. Kosa la kwanza lilikuwa hilo, na lilikuwa letu sote.

Kosa la pili lilikuwa langu peke yangu, na lilikuwa mfukoni mwa kaptula yangu.

Goti lilikuwa linauma upande wa nje, kama mtu ananichoma sindano, na lilianza kila nikifika kilomita ya nane. Kwenye farmasi ndogo ya kona kijana anauza vidonge kimoja kimoja, anakata plaketi, yaani ile pakiti ya vidonge, kwa mkasi. Nilimwambia goti, akanipa diklofenaki ya miligramu 50. Hakuniuliza kitu, nami sikumwuliza. Nimelelewa katika nyumba ambayo dawa ya maumivu ilikaa juu ya kabati pamoja na chumvi. Baba alimeza kabla ya kwenda kazini, mama alimeza kabla ya kufua, na kwetu hakuna aliyeita kile kitu dawa. Kilikuwa ni kitu cha kumsaidia mtu amalize siku.

Kwa hiyo nilimeza viwili usiku, viwili alfajiri bila kula, na kimoja kilomita ya 15, pale tuliposimama chini ya mti. Hesabu hiyo ninaipiga leo kwa aibu, maana hesabu ndiyo kazi yangu: miligramu 250 katika muda wa saa kumi na mbili. Mtu mzima hatakiwi kuvuka 150 kwa siku nzima, tena akiwa amekula, amekunywa maji, na anapumzika.

Na mkononi nilikuwa na saa. Mdogo wangu, anayefanya kazi Kitwe, Zambia, ng'ambo ya mpaka, alikuwa ameninunulia saa inayosoma mapigo ya moyo. Nilikuwa nimeivaa miezi minne. Nilijua kwamba kwa mwendo wangu wa kawaida wa dakika saba kwa kilomita inaonyesha kati ya 148 na 152. Siku ile kilomita ya 15 ilisema 163. Kilomita ya 20 ikasema 171. Kilomita ya 24 ikasema 178, na wakati huo nilikuwa nimepunguza mwendo hata mwenzangu mmoja, mwanamke ninayemzidi miaka kumi, akarudi nyuma kuniangalia.

“Yaya, hii haiko mbio tena,” akaniambia, na yaya kwetu ni dada mkubwa. “Tembea kwanza.”

Nikamjibu kwamba sisikii maumivu popote. Nilisema kweli. Kisha nikaitazama saa tena, 178, nikaamua kwamba imeharibika. Nikalegeza mkanda wake mpaka namba ikapotea.

Ninakaa sana kwenye dakika ile kila ninapoikumbuka. Mwili una njia chache za kumwambia mwenye mwili kwamba mambo yamekwenda vibaya. Njia moja nilikuwa nimeifunga kwa kidonge. Nyingine ilikuwa bado inapiga kelele mkononi, nikaifunga kwa vidole vyangu mwenyewe.

Jumatatu nilifundisha nimekaa. Jumanne asubuhi pete haikutoka kidoleni, vidole vilikuwa vimevimba, nilikuwa na kichefuchefu, na tangu jana yake nilikuwa nimekojoa mara mbili tu, kidogo kidogo. Mume wangu alinipeleka hospitali. Daktari, mama wa makamo, alinisikiliza habari ya mbio, kisha akauliza, “Mama, ulikunywa nini?”

Nikasema maji, chupa mbili, na soda tulipofika.

“Ninauliza dawa.”

Nikasema sikunywa dawa yoyote. Wala sikuwa ninadanganya! Mume wangu ndiye aliyesema, “Na diklo?” Daktari akaweka kalamu chini.

Kreatinini yangu ilikuwa 2.9. Kwa mwanamke wa umri wangu inatakiwa iwe karibu na 1 au chini yake. Kreatinini ni taka ya misuli ambayo figo huisafisha kutoka kwenye damu. Ikipanda, maana yake msafishaji amelala. Nililazwa siku tano nikiwa na dripu, mkojo ukipimwa kwenye chupa kila saa, na wauguzi walikuwa wakiinua ile chupa kwenye mwanga wa dirisha kama watu wanaokagua mafuta ya mawese.

Siku ya tatu daktari alinichorea figo nyuma ya karatasi ya maabara. Alichora mshipa mdogo wa kuingiza damu na mshipa mdogo wa kuitoa, na katikati yao chujio. Mtu akikimbia muda mrefu kwenye jua, damu nyingi inakwenda kwenye misuli na kwenye ngozi, na maji yanatoka kwa jasho. Figo zinabaki na damu kidogo. Hapo mwili unatengeneza kitu kinachoitwa prostaglandini, ambacho kazi yake mojawapo ni kuushikilia ule mshipa wa kuingiza uwe wazi, ili hata hiyo damu kidogo ipite. Prostaglandini hiyohiyo, ikiwa kwenye goti, ndiyo inayokuza maumivu na uvimbe. Diklofenaki, ibuprofeni, aspirini na ndugu zao wanaizuia kutengenezwa. Lakini kidonge hakijui goti liko wapi na figo iko wapi. Kinazuia kila mahali.

“Ulimwondoa mtu aliyekuwa anakushikilia mlango,” akasema, “wakati nyumba inaungua.”

Ile rangi ya chai ilikuwa misuli. Misuli iliyochoka kupita kiasi ilipasuka na kumwaga rangi yake kwenye damu, na figo zilizokwisha kubanwa zikapewa na mzigo huo wa kuchuja. Hakunitisha wala hakunibembeleza. Alisema nimewahi. Alisema pia kwamba dawa za jamii ile nisiziguse tena mpaka aniambie, na hajaniambia hadi leo.

Nilipotoka nilisoma, maana sikuweza kukubali kwamba kitu kinachouzwa kwa kukatwa na mkasi kinaweza kumlaza mtu siku tano. Nilikuta kwamba wenzetu wa mbio ndefu sana wamekwisha kulipima jambo hili. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya jaribio katika mbio za siku kadhaa, siku ambayo wakimbiaji walikimbia kilomita 80. Walikuwa 89. Wengine walipewa ibuprofeni ya miligramu 400 kila baada ya saa nne, wengine kidonge kitupu kinachofanana nayo, bila kujua nani ana kipi. Mwisho damu ilipimwa. Kati ya waliomeza ibuprofeni, 52 kwa kila 100 walikuwa na dalili za figo kuumia. Kati ya waliomeza kidonge kitupu, 34.

Wengi wakisikia namba hizo wanaiangalia 52. Mimi iliyonishtua ni 34. Maana yake mbio ndefu zenyewe, bila kidonge chochote, tayari zinazikalia figo shingoni. Kwa wengi zinapona zenyewe baada ya siku mbili tatu, na mtu hajui kamwe kwamba zilikuwa zimeumia. Kidonge kinakuja kuongeza jiwe juu ya gunia ambalo tayari limejaa.

Na utafiti mwingine, wa mwaka 2006, uliwafuata wakimbiaji wa mbio za kilomita 160 za Western States huko California. Waliomeza ibuprofeni hawakuwa na maumivu madogo kuliko wasiomeza, wala misuli yao haikuharibika kidogo zaidi. Kilichoonekana kwenye damu yao ni uchafu mwingi zaidi wa bakteria uliovuja kutoka matumboni. Hilo liliniuma kuliko yote. Tunatoa figo zetu na matumbo yetu, na tunachonunua kwa bei hiyo hakipo.

Sasa nije kwenye mapigo, maana huku ndiko nilikopona.

Daktari alinikataza kukimbia wiki sita. Aliniruhusu kutembea, na akaniambia nihesabu mapigo kila asubuhi kabla ya kushuka kitandani. Nikamwambia saa yangu imeharibika. Akacheka, akachukua mkono wangu, akaweka vidole viwili chini ya kidole gumba changu, pale kwenye bonde dogo la kifundo. Usitumie kidole gumba, akasema, kina mpigo wake mwenyewe kitakuchanganya. Hesabu sekunde 30, zidisha kwa mbili.

Nilichukua daftari la shule lenye miraba, nikaandika tarehe na namba. Wiki ya kwanza baada ya hospitali: 74, 72, 73, 70. Wiki ya nne: 63. Mwezi wa tatu, nilipokwisha kurudi kwenye mbio taratibu, ikatulia kwenye 56, na hapo ndipo ilipo hadi sasa. Daftari hilo halikunigharimu kitu, na limenifundisha zaidi ya saa ya mdogo wangu, ingawa saa nayo nimeiomba radhi, nitaeleza kwa nini.

Kanuni ambayo kila mtu anaijua ni 220 kutoa umri. Kwangu inatoa 176 kama kilele cha mapigo. Kuna nyingine iliyotolewa mwaka 2001 na watafiti wakiongozwa na Tanaka: 208 kutoa saba ya kumi ya umri. Kwangu inatoa 177. Zinakaribiana, lakini zote mbili ni wastani wa watu wengi, na mtu mmoja anaweza kuukosa wastani huo kwa mapigo kumi na zaidi, juu au chini. Daktari alipokwisha kuniruhusu, nilijipima mwenyewe, mwenzangu akiwa pembeni: kupasha mwili moto vizuri, kisha kukimbia dakika tatu kwa nguvu, kupumzika, kurudia, na mara ya tatu kumaliza kwa nguvu zote. Niliona 186. Kwa hiyo kanuni ingeniambia niko kileleni wakati bado nina ngazi kumi za kupanda. Kwa mwingine inaweza kumdanganya upande wa pili, na huo ndio upande wa hatari. Mtu mwenye presha, mwenye kisukari, au anayesikia kifua kubana asijipime hivyo peke yake. Aanze kwa daktari.

Ukishakuwa na namba mbili hizo, ya kitandani na ya kilele, hesabu ni ya darasa la sita. Kwangu 186 kutoa 56 ni 130. Hiyo 130 ndiyo nafasi ambayo moyo wangu unayo ya kufanya kazi. Mbio ndefu za Jumapili ninazitaka zitumie kati ya asilimia 60 na 70 ya nafasi hiyo: yaani kati ya mapigo 134 na 147. Kumbe hata ile 148 hadi 152 niliyokuwa naiita kawaida yangu ilikuwa tayari juu kidogo. Siku moja nilikaa mezani nikaiweka ile 178 ya kilomita ya 24 kwenye hesabu hiyohiyo. Ilitoka asilimia 94. Nilikuwa nikitumia asilimia 94 ya moyo wangu kwa mwendo wa mtu anayewahi basi, huku nikimwambia mwenzangu kwamba sisikii kitu.

Saa haikuwa imeharibika. Mtu akikimbia kwenye joto, jasho linapunguza maji ya damu, na sehemu ya damu iliyobaki inapelekwa kwenye ngozi kupoza mwili. Damu inayorudi moyoni inakuwa kidogo, kila pigo linasukuma kidogo, kwa hiyo moyo unaongeza idadi ya mapigo ili kazi iende. Mwendo uleule, namba inapanda. Ikipanda kumi baada ya saa moja na nusu, ni jambo la kawaida la siku ya joto, punguza mwendo. Ikipanda 26 na wewe umepunguza mwendo, mwili unakuambia umeishiwa maji, au una homa, au vyote viwili. Kama ningekuwa nimejua hilo, ningekaa chini ya mti wa kwanza.

Lakini nisiwe mwongo kwa kuipamba saa. Kulikuwa na sababu ya kutoiamini. Saa za mkononi zinamulika taa ya kijani kwenye ngozi na kusoma damu inavyopita. Ikilegea, inapotea. Asubuhi ya baridi ya mwezi wa sita, mishipa ya mkono imejikunja, inasoma vibaya. Na mara nyingine inashika hatua za miguu badala ya moyo: unapiga hatua 165 kwa dakika, nayo inakuandikia 165. Nilikuwa nimewahi kuiona ikisema 170 katika dakika ya tatu tu ya kukimbia taratibu, ndiyo maana siku ya Kipushi nikaidharau. Mkanda wa kifuani unasoma umeme wa moyo wenyewe na haudanganyiki kirahisi hivyo. Mmoja wa kikundi chetu anao, na wakati mwingine tunaazimana. Asiye na mkanda, asimame, aweke vidole viwili kwenye kifundo, ahesabu sekunde 15, azidishe kwa nne. Saa na vidole vikikubaliana, amini. Na asiye na saa kabisa asali Baba Yetu kwa sauti akiwa anakimbia. Ukiweza kuimaliza bila kukata sentensi katikati, mwendo ni mzuri wa safari ndefu. Ukikatika kabla ya “mkate wetu wa kila siku”, punguza. Hiyo nimewafundisha hata wanafunzi wangu.

Namba ya asubuhi nayo ilinionyesha jambo ambalo sikulitarajia. Jumatano moja, mwaka uliofuata, niliamka nikahesabu 68. Nikarudia: 68. Mwili ulikuwa mzima, sina homa, chakula ninakitamani. Jioni tulikuwa na mazoezi. Kichwa kilikuwa kizito kidogo tu, na mkono ukaenda wenyewe juu ya kabati, palepale pa baba na mama, kutafuta parasetamoli. Nikausimamisha. Mapigo kumi na mawili juu ya kawaida yangu hayaji bure. Nilikaa nyumbani. Alhamisi usiku homa ikaja na kutetemeka, na Ijumaa kipimo kikasema malaria.

Homa inaongeza karibu mapigo kumi kwa kila digrii moja ya joto, na wakati mwingine mapigo yanatangulia kabla mwenyewe hajajisikia. Kama ningemeza parasetamoli, joto lingeshuka, namba ingeshuka, kichwa kingenyamaza, nami ningetoka kukimbia na malaria mwilini. Kukimbia na homa ni kuupeleka moyo mahali pabaya. Kuna maambukizi yanayoingia hadi kwenye nyama ya moyo, na mbio zinayazidisha. Ndiyo maana siwezi tena kuzungumza habari ya mapigo bila kuzungumza habari ya vidonge. Wanaonunua saa na kumeza kidonge asubuhi ileile wanamtuma mtoto dukani na kumfunga miguu.

Parasetamoli si ya jamii ya diklo na haizibani figo kwa namna ileile, ndiyo iliyobaki nyumbani kwangu. Lakini nayo ikizidi inaumiza ini. Mtu mzima hatakiwi kuvuka gramu 4 kwa siku, yaani vidonge vinane vya miligramu 500, na wengi wanavuka bila kujua kwa sababu imo pia ndani ya dawa za mafua. Mimi simezi kabla ya mbio wala njiani. Baada ya mbio, nikiwa nimekula, nimekunywa, na nimekojoa mkojo mweupe, ninaweza kumeza kimoja au viwili. Siku tatu mfululizo maumivu yakiwepo, siendi farmasi, ninakwenda kwa kine, mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Na kine ndiye aliyeliponya goti. Dakika 20 zilimtosha. Aliniambia nisimame kwa mguu mmoja, kiuno kikaanguka upande. Misuli ya pembeni ya nyonga ilikuwa dhaifu, kwa hiyo ule mshipi mrefu wa nje ya paja ukawa unasugua goti. Kisha akaniuliza ninakimbilia wapi. Nikamwambia ukingo wa kushoto wa barabara, nikiyatazama magari yanayokuja. Ukingo huo umelala, unateremkia mtaroni, na mguu wangu wa kushoto ulikuwa kila siku upande wa bondeni, kilomita kwa kilomita. Alinipa zoezi la kulala ubavu na kuinua mguu, mara 15, mizunguko mitatu, kila jioni, na akaniambia nitafute njia ya udongo iliyo sawa. Miezi mitatu. Goti likanyamaza lenyewe, bila mtu kulinyamazisha.

Kuna kijana katika kikundi chetu, ana miaka 25, ana kifua cha ajabu, angeweza kufika mbali. Nilimwona siku moja akimeza kapsuli kabla hatujaondoka. Nikamwuliza, akasema ni tramadoli, inaondoa uchovu. Hiyo ni ya jamii nyingine kabisa, ya ndugu wa mofini. Inalegeza pumzi, inampa mtu kiu ya kuirudia, na tangu tarehe 1 Januari 2024 shirika la kimataifa la kupambana na dawa michezoni, WADA, limeipiga marufuku wakati wa mashindano. Nilimwambia hayo yote. Nilimwonyesha karatasi ya daktari yenye figo iliyochorwa, ninayo bado kwenye daftari. Akasema, “Mama Mwalimu, wewe ulizidisha. Mimi ninajua kipimo changu.” Hakuja wiki tatu. Wiki ya nne alikuja, akasimama nyuma ya wengine, na nilipopita na daftari alininyoshea kifundo cha mkono nimhesabie. Ilikuwa 82. Sikumwambia kitu, niliiandika tu. Sijui alichomeza au hakumeza, lakini mkono aliunyosha mwenyewe, na Jumapili iliyofuata aliunyosha tena.

Siku hizi mwezi wa kumi tunaondoka saa kumi na robo, na atakayechelewa anatufuata. Kila mmoja anabeba maji yenye chumvi na sukari: lita moja, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa. Tunakunywa kwa kiu, maana kumeza maji matupu mengi kupita kiasi nako kunaangusha chumvi ya damu, na dawa za maumivu zinazidisha hatari hiyo. Munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, tunaiacha kwa ajili ya mwisho.

Mwaka jana nilijaribu tena njia ya Kipushi. Kilomita ya 20 nilikuwa kwenye 146. Kilomita ya 22, 151. Nikatembea dakika tano, ikashuka hadi 128, nikaendelea. Kilomita ya 24, karibu na pale nilipolegeza saa mwaka ule, ikasema 159, na goti likaanza kunichoma, kidogo, kama mtoto anayevuta nguo. Niliweka vidole kwenye kifundo: 40 kwa sekunde 15. Saa na vidole vilikubaliana. Nikakaa chini ya mwembe, nikampigia simu mwanangu aje na pikipiki.

Nilifika Kipushi nimepakiwa, goti likiuma. Wenzangu walikuwa wamekwisha kuagiza bukari, yaani ugali, na samaki. Nilikwenda kwanza kwenye choo kile cha nyuma ya duka. Mkojo ulikuwa na rangi ya nyasi kavu.